Kutembea kando ya Ziwa Naivasha na watoto na shosho: njia, viboko, ndege na mambo ya mandazi

Mwalimu mmoja wa Thika ameniuliza hivi, nimefupisha kidogo tu: "Kaka, nataka kuwapeleka watoto wangu wawili, wa miaka 9 na 12, pamoja na mama yangu ambaye goti linamsumbua, tukatembee kwa miguu kando ya Ziwa Naivasha tuone ndege na wanyama. Hatuna gari. Nimesikia kuna njia ya kuzunguka ziwa, ni kilomita ngapi na tunaweza kumaliza kwa siku moja? Na hao viboko ni hatari kweli ama watu wanatutishia ndio tulipie mwongozaji? Kijana wangu mdogo naye anauliza kama tai atamnyang'anya mandazi."

Habari ya Thika mwalimu, na umsalimie sana shosho wa hao watoto. Nianze na hio ya njia, manake hapo ndio watu wengi wanapotea kabla hata ya kutoka nyumbani. Njia ya kuzunguka Ziwa Naivasha lote haipo. Kuna barabara, Moi South Lake upande wa kusini na Moi North Lake upande ule mwingine, lakini hizo ni barabara za magari na malori ya maua, na kati ya barabara na maji kuna mashamba ya maua, mahoteli, makambi, nyumba za watu na fensi za stima, kwa hivyo ukishuka tu popote useme utafuata ufuo, nusu saa baadaye umefika kwa fensi ama kwa askari anayekuuliza unaenda wapi na unatafuta nani. Kile watu wanaita njia ya ziwa ni vipande vipande. Kuna fuo za umma kama Karagita na Kamere ambapo wavuvi wanatua samaki, kuna vijia ndani ya mahifadhi ya watu binafsi, na kuna kisiwa cha Crescent. Kwa safari yenu nyinyi wanne, na hilo goti, mimi ningeenda Crescent na ningesahau hivyo vingine vyote.

Ukiangalia ramani utaona kile kisiwa kimekunja kama mwezi mchanga, na ndipo jina lilipotoka. Ule mkunjo ni ukingo wa kreta ya volkano ya zamani iliyozama, na hapo katikati ya mkunjo ndio sehemu yenye kina kirefu kuliko kote ziwani. Maana yake kwa mtu anayetembea ni kwamba unapanda kidogo tu, mlima wenyewe si mlima wa kukutoa pumzi, alafu ukifika juu ya ukingo unaona maji pande zote mbili, na chini kwenye nyasi kuna pundamilia, nyumbu, swalapala, kuro na twiga, na wewe uko kwa miguu katikati yao bila gari wala dirisha. Simba hakuna, tembo hakuna. Mahali pa kutembea hivyo na mtoto wa miaka 9 Kenya hii si pengi.

Kitu kingine, usiamini sana maelezo ya zamani ya kufika huko. Miaka maji yakiwa chini kisiwa kinashikana na nchi kavu watu wanaingia kwa miguu ama kwa gari, maji yakipanda kinakuwa kisiwa cha kweli na lazima boti. Na maji yamepanda sana. Mwaka 2020 yaliingia hadi mtaa wa Kihoto watu wakahama, na ukisimama ufuoni utaona ile migunga ya gome la manjano imekufa imesimama ndani ya maji, msitu mzima wa miti mikavu, zamani hapo palikuwa nchi kavu watu wakipiga kambi. Inasikitisha kuona lakini minandi, wale ndege weusi wanaozama kuvua, imefurahi, kila tawi lina kiota na chini maji yamekuwa meupe kwa mavi. Kwa hivyo ukipewa maelekezo na mtu aliyekuja 2012, mwambie asante, alafu uliza tena ukifika.

Sasa masaa. Hapa ndio nitakusumbua kidogo. Mkitoka Thika asubuhi, mpitie Nairobi, mpande matatu ya Naivasha, alafu mjini Naivasha mbadilishe mpande ya kwenda Karagita ama Kongoni, mtafika ziwani saa nne ama saa tano hivi mkiwa mmeshachoka, jua limeshika, ndege wamenyamaza, na mchana upepo unaanza. Hilo jina Naivasha limetoka kwa Kimaasai, Nai'posha, maji yanayochafuka, na Wamaasai hawakuliita hivyo bure. Asubuhi ziwa linakaa kama kioo, saa nane mchana linaweza kuwa na mawimbi ya kumlowesha mama yako mpaka kiunoni na watoto wakaanza kulia. Kama bajeti inaruhusu hata kidogo tu, mlale Naivasha usiku mmoja, vyumba vya bei ya chini viko mjini na Karagita pia, mwamke mkanywe chai mapema mwende. Masaa mawili ya asubuhi yanashinda siku nzima ya kufika mchana. Mbebe sweta, manake ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari na alfajiri kuna baridi ya kweli, watu wakisikia Bonde la Ufa wanadhani ni joto tu. Na mwangalie kalenda, wikendi ya Safari Rally msije kabisa, tangu mashindano ya dunia ya magari yarudi Kenya 2021 na kufanyika Naivasha mji unajaa mpaka chumba cha kawaida kinaulizwa pesa ya ajabu.

Haya, viboko. Hapana, sisi waongozaji hatuwatishii. Na nakubali kuna waongozaji wanatia chumvi ndio wapate kazi, lakini kwa huyu mnyama chumvi haihitajiki. Agosti 2018 mtalii aliuawa hapahapa Naivasha akipiga picha kiboko kwa karibu, na kwa wavuvi na watu wanaochota maji hizo habari si ngeni. Mnyama anayeweza kupita tani moja na nusu, amenona hivyo, anakimbia kukushinda wewe na mimi, tena bila onyo refu.

Lakini hatari yake ina utaratibu, ukiuelewa utatembea umetulia. Mchana kiboko anakaa majini, ngozi yake haipendi jua. Jioni jua likizama anatoka kula nyasi, anakula usiku kucha, nyasi karibu kilo 40, alafu alfajiri anarudi majini kwa njia yake ileile. Akiwa nchi kavu anajua usalama wake ni maji, kwa hivyo kosa kubwa kuliko yote ni wewe kusimama katikati yake na maji. Hapo hakuchukii, anataka tu kwenda nyumbani na wewe umesimama mlangoni. Kwa hivyo sheria zangu na wageni ni fupi: hatushuki ufuoni kabla jua halijapanda vizuri, saa kumi na moja jioni tumeshatoka, hatuingii kwa mafunjo wala vichaka vizito hata kama kuna ndege mzuri namna gani analia humo ndani, na tukiona kiboko yuko nje mchana, hasa siku ya mawingu ama mvua manake siku hizo anachelewa kurudi, tunazunguka mbali sana, hatusimami kupiga picha.

Njia ya kiboko wafundishe watoto, wataipenda. Si kama njia ya ng'ombe. Miguu yake iko mbali mbali kwa vile ana kifua kipana, kwa hivyo njia yake ina mifereji miwili na katikati kuna tuta la nyasi, kama barabara ya shamba iliyopitwa na trekta dogo. Alafu mavi, dume anayatawanya kwa mkia kama feni, utayakuta yamerushwa juu ya vichaka mpaka usawa wa magoti. Yakiwa makavu na yamepauka ni ya zamani. Yakiwa bado yana unyevu, mwalimu, hio njia muiachie mwenyewe.

Nikwambie yaliyonipata mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kwa hii kazi nilikuwa na wageni wawili, kambi moja ya upande wa kusini, sitaitaja. Tumechelewa, saa kumi na mbili na robo jioni, meneja amenipigia simu mara mbili chakula kiko tayari, nikaamua tukate kona tupite chini karibu na maji badala ya kuzunguka kwa barabara. Hio njia ya mifereji miwili niliiona. Niliiona kabisa na nikasema moyoni ni dakika tano tu. Kiboko alikuwa upande wa juu yetu, anakula, hatukumsikia, tulimsikia tu alipoanza kuja. Kilichotuokoa ni mti wa mgunga ulioanguka, tuliruka nyuma yake sote watatu akapita mita chache kutoka hapo akaingia majini na kishindo ambacho mpaka leo nikisikia lori likimwaga mchanga nakumbuka. Mgeni mmoja alipoteza kiatu. Hakuna aliyekula chakula cha meneja siku hio. Tangu hapo mtu akiniambia "ni dakika tano tu" namwangalia tu.

Kama mnahitaji mwongozaji: Crescent mnaweza kutembea wenyewe, haulazimishwi, watu wengi hufanya hivyo na wanarudi salama. Lakini nyinyi mna watoto wawili na mtu wa goti, ina maana wewe macho yako yatakuwa mahali patatu kwa wakati mmoja, kwa hivyo lipa mwongozaji wa pale kwa hio saa moja ama mbili, si kwa sababu ya viboko peke yake. Yeye anajua twiga wamelala wapi leo, chatu alionekana kichaka gani wiki hii (ndio, chatu wapo, na hapana, hawawindi watoto wa shule, kaa tu mbali), na atasikia ndege ambaye wewe ungepita chini yake. Uliza kama ana cheti cha KPSGA, chama cha waongozaji, hata cha daraja la shaba, lile la kwanza, kinatosha. Twiga nao msiwazoee. Wanaonekana wapole, na ni wapole, lakini teke la twiga linaua simba, kwa hivyo mita 30 iwe ndio mwisho, na mama mwenye ndama mumuachie zaidi. Kuro mtamsikia kabla hamjamuona, ana harufu nzito ya mafuta mafuta hivi, na matakoni ana weupe kama amekalia kiti kilichopakwa rangi jana. Watoto wakisikia hio watacheka mpaka jioni.

Kwa upande wa ndege ningeandika mpaka kesho. Orodha ya eneo hili inapita aina 400, lakini mtu akikuahidi utaona 100 kwa siku ya kwanza anataka pesa yako. Mkiona 30 mkajua majina ya 15 mmefanya vizuri sana. Na majina yenyewe ni shida, Kiswahili kina majina mazuri ya ndege lakini sisi wa bara hatuyatumii, kila ndege mwenye miguu mirefu tunaita korongo tumemaliza. Kwa hivyo nitaweka jina na nitaeleza anafanana vipi.

Wa kwanza ni tai mla samaki, watu wa pwani wanamwita furukombe. Kichwa cheupe, mwili rangi ya kahawia nyekundu, mabawa meusi. Huyu hamtamtafuta, atawaita mwenyewe, ile sauti inayopasua ziwa zima asubuhi ni yake, anatupa kichwa nyuma mpaka karibu kigusie mgongo. Msikilize vizuri, mara nyingi ni wawili wanaitikiana, mwenye sauti nyembamba ni dume na mwenye sauti nzito ni jike, na jike ndiye mkubwa wa mwili. Wako wengi Naivasha kwa sababu kuna samaki, kuna miti mirefu ukingoni, na maji yake si ya chumvi. Hilo la maji ni kitu cha ajabu ukifikiria, ziwa halina mto unaotoka, Malewa na Gilgil inaingia tu, majirani zake Nakuru, Elmenteita na Bogoria yote ni magadi, na hili limebaki tamu kwa sababu maji yanapenya chini ya ardhi yanaondoka na chumvi yake.

Na kwa sababu hiohio, kama shosho anatarajia kuona heroe, wale wa rangi ya waridi wanaofunika ziwa kwenye kalenda za ukutani, mwambie mapema. Chakula chao hasa ni mwani unaopenda maji ya magadi. Naivasha unaweza kuwaona wachache msimu fulani ukiwa na bahati, hasa kule Oloiden, kiziwa kidogo cha pembeni, lakini ukiwataka kwa wingi nenda Bogoria ama Elmenteita, safari nyingine hio. Nimeona mgeni amekasirika ziwani hapa siku nzima, ameketi mbele ya mwari 200 anauliza "heroe wako wapi".

Mwari wenyewe watazameni sana. Kuna aina mbili. Wale wakubwa weupe wanavua kwa pamoja, wanajipanga nusu duara, wanasukuma samaki mahali penye maji machache, alafu wote wanazamisha vichwa kwa mpigo mmoja kama wamepigiwa filimbi. Wale wengine wadogo kidogo, wa kijivu kijivu, kila mmoja anavua kivyake. Muulize wa miaka 12 kwa nini, alafu nyamaza umuache afikirie. Mnandi, yule mweusi anayesimama kwa tawi amefungua mbawa kama nguo kwenye kamba, anazikausha, manyoya yake yanaingia maji ndio aweze kuzama vizuri, akitoka ni lazima aanike. Mdiria mweusi na mweupe anaelea hewani mahali pamoja, kichwa hakisogei hata kidogo mwili wote unatetemeka, alafu anaanguka kama jiwe. Mdogo wake wa buluu mwenye kifua cha rangi ya chungwa anakaa chini kabisa kwa mafunjo, nusu mita juu ya maji, na wengi wanamkosa kwa sababu wanaangalia juu.

Kisha fundichuma, wa kahawia, kichwa kama nyundo. Tafuteni kiota chake kwenye panda la mti, kikubwa kama beseni mbili zimefunikana, cha vijiti na ndani kimekandikwa matope, kina mlango mdogo chini. Shosho atakuwa na hadithi yake juu ya huyu ndege, karibu kila kabila lina kitu linasema juu ya kuvunja kiota chake na hakuna hata moja linalosema ni jambo jema. Mwache asimulie. Na kwenye magugu maji kuna ndege wa kahawia mwenye vidole virefu ajabu, anatembea juu ya majani kama hayupo kwa maji. Kwa huyo kazi ya kulea ni ya dume. Jike anataga, anaenda kwa dume mwingine, na baba anabaki na watoto, hatari ikija anawabeba chini ya mbawa unaona miguu midogo imening'inia. Akina mama wengi nikiwaambia hio wananiuliza mara mbili kama nina uhakika.

Moja ya kuwashangaza: mtaona kasuku wadogo wa kijani wenye nyuso za rangi ya chungwa wakipiga kelele kwenye migunga. Si wa hapa asili. Wametokana na ndege wa kufugwa waliotoroka ama kuachiliwa, aina mbili zikachanganyika zikazaana, siku hizi ni wenyeji kabisa kama mimi na wewe. Na kati ya Oktoba na Aprili kuna wageni wengine wanaokuja kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi, vile vitwitwi vidogo vya matopeni na wengineo. Kwa hivyo likizo ya Desemba ni nzuri, Agosti pia si mbaya lakini hao wageni wengi hamtawakuta.

Sasa nisikilize hapa manake hii ndio ningetaka ubebe kuliko yote. Msitembee sana. Najua umeuliza kilomita, kila mtu anauliza kilomita, simu zetu zinahesabu hatua na tunaona haya kurudi na hatua chache. Lakini ndege haoni furaha ya wewe kuhesabu hatua. Kundi linalotembea linafukuza ndege mbele yake saa zote, unaona migongo tu. Keti. Tafuta kivuli mahali panaonekana maji na nyasi pamoja, mkae dakika 20 bila kuongea kwa nguvu, dakika tano za kwanza hamtaona kitu, ya sita mdiria anarudi kwa tawi lake, ya kumi swalapala wanaanza kula tena, ya kumi na tano kuna kitu kinatoka mafunjoni ambacho sisi waongozaji tunatafutaga wiki nzima. Kwa hivyo hilo goti la mama yako unaloliona kama mzigo litawafanya muone zaidi kuliko vijana wa hatua 20,000. Mbebee kale kastuli kadogo ka kukunja. Nimeshatembeza wazee wa miaka 70 na kitu, tukafika mita 600 tu kutoka botini, tukaandika aina 41, na kundi la vijana lililozunguka kisiwa chote siku hio likarudi na 17 na malengelenge.

Darubini, moja kwa familia inatosha mkipokezana, na kama unanunua ama unaazima chukua iliyoandikwa 8x42. Ile 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, inaleta mwanga wa kutosha asubuhi na haitetemeki sana mkononi. Wauzaji watakusukumia 20 mara ngapi sijui, mkono wa mtoto hauwezi kushika hio, utaona ziwa linacheza tu. Kwa simu pakueni Merlin, ile app ya kutambua ndege, kabla hamjatoka nyumbani, na pakiti yenye ndege wa Kenya ndani yake, mtandao kisiwani si wa kutegemea. Lakini msiwachezee ndege sauti zao kwa spika, tafadhali, wanadhani adui ameingia wanaacha viota. Na kama watoto watashikwa na huu ugonjwa, shirika la Nature Kenya lina matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa Nairobi, likizo mnaweza kwenda.

Boti: bei inapatanwa kwa boti nzima na kwa saa, si kwa kichwa, hio muulize wazi kabla ya kupanda na muulize pia kama atawasubiri ama atarudi saa ngapi. Laifujaketi kila mtu avae na mkanda ufungwe, si kukalia, na kama hana ya saizi ya mtoto tafuta boti nyingine hata kama huyu ameshaanza kuwaita familia. Njiani atawaambia atawaitia tai. Anapiga mluzi, anatupa samaki aliyetiwa kipande cha funjo ndani ndio aelee, tai anashuka mbele yenu, picha safi. Mimi siipendi sana, ndege anazoea boti na kila mtu anataka yake, lakini sitakudanganya, mtoto wa miaka 9 akiona zile kucha zikishika maji mita kumi kutoka kwake hatasahau. Mkifanya, iwe mara moja tu. Msimwache akaribie viboko ndio muwaone vizuri, mwambie mbele ya watoto kabisa, "kaka hapa panatosha".

Watu watawashauri mwongeze Hell's Gate siku hiohio kwa sababu iko karibu. Ni mbuga nzuri, tangu 1984, kutembea na baiskeli kunaruhusiwa, malipo ni kwa eCitizen, na majabali yake yana tai wakubwa. Lakini kwa siku moja na goti hilo ni nyingi, na kule kwenye lile bonde jembamba la miamba mvua ikinyesha hata mbali maji yanashuka ghafla, watu saba walikufa 2012 na saba tena 2019. Iacheni. Mkibaki na nguvu mchana pitieni Elsamere, pale alipoishi Joy Adamson, yule mwandishi aliyemlea simba Elsa, mnywe chai kwenye nyasi, na juu ya miti kuna mbega weusi na weupe ambao shosho atawaona akiwa ameketi kwenye kiti.

Mbebe kitambulisho, bei ya mwananchi ni tofauti na bila kitambulisho mtabishana na geti. Viatu vya kufunika vidole, raba zinatosha, na suruali ndefu kwa sababu ya kupe, jioni mkaguane nyuma ya magoti.

Na mwambie kijana mandazi yake hayaibiwi na tai. Tai yuko na samaki wake. Mwizi ni mwewe, wa kahawia, mdomo wa manjano na mkia uliopasuka kama panda, anakuja kwa nyuma na hapigi hodi, na akikosa yeye tumbili wanamalizia. Ale ameketi chini ya mti wenye matawi mengi, mgongo kwa shina, na asiinue mandazi juu kumuonyesha dada yake.